Viini Vinane

Mizani ya kiwandani Igogo inajua kilo tu.
Daftari la hesabu linajua shilingi tu.
Chumba cha baridi kinajua nyuzi, forodha inajua fomu,
na benki haijui lolote mpaka uthibitishe kuwa wewe ni wewe.
Katikati yao tumeweka mkalimani.
Hana mdomo. Yumo ndani ya seva chini ya ngazi,
jirani na ndoo za wafagiaji,
na analipwa kwa dola.

Si kwa neno analofasiri. Ningeelewa.
Si kwa sangara anayepita mbele yake. Hata hilo ningeelewa.
Analipwa kwa viini vya mashine anayolalia:
viini vinane, ada nane,
hata miezi ya samaki haba,
vitano vikiwa vimelala fofofo.

Shangazi yangu Kwiligwa ana mtumbwi wa dagaa Igombe.
Leseni yake ni karatasi moja, ameitia nailoni:
urefu wa mtumbwi, na jina lake, limekosewa herufi.
Nilipomsimulia ya kwetu aliacha kuanua dagaa.
"Yaani mnakodi mtu wa kusema,
halafu mnalipia ukubwa wa kichwa chake?"
Ndivyo, shangazi.
"Na akinyamaza?"
Tunalipa vilevile.
Akacheka mpaka kunguru wakaruka kwenye kichanja.

Mwezi wa sita ankara ilikuja imepanda robo nzima.
Mhasibu, Bwana Masanyiwa, aliigeuza nyuma
kana kwamba bei yenyewe iko upande wa pili.
"Tutafute ya bure," akasema.
Nikamwambia ipo, bosi, na haina ankara,
ila inataka mtu wa kukesha nayo kama mtoto wa degedege,
na mtu huyo, nimehesabu kiwanda kizima, ni mimi.
Akaandika pembeni kwa penseli: *bure ni sawa na*
akaacha hapo.

Tukachelewa. Barua zikaenda, barua zikarudi.
Leseni ikafa saa sita ya usiku wa huko kwao,
ambayo kwa saa za Mwanza ni saa tisa.
Hakuna kilicholia. Hiyo ndiyo adabu yake.
Mizani ikaendelea kutaja kilo,
daftari likaendelea kungoja shilingi,
na kati yao kimya, kimya cha mke na mume walionuniana
wakila sahani moja.
Getini lori la uwanja wa ndege linanguruma,
tani nne za minofu
zisizo na karatasi.

Ndipo Nyanjige wa zamu ya usiku akachukua kalamu,
akaandika kilo kiganjani, kisha kwenye boksi lililochanwa,
akapanda ngazi, akazipiga kwenye kompyuta ya hesabu,
akashuka,
akapanda.
Buti zake zikaacha maji ya barafu kila kidato.
Safari thelathini na moja.
Lori likatoka saa kumi na mbili na robo.

Alhamisi mkaguzi akatokea kwenye skrini,
shati limenyooka, nyuma yake rafu ya vitabu isiyo ya kweli:
akigeuka, sikio moja linamezwa na vitabu.
Alikuwa mpole. Akasoma ukurasa wa arobaini na moja,
kwamba anayeingiza takwimu kwa niaba ya wengine
huhesabiwa pamoja na hao wengine.
"Huyu Nyanjige," akalivunja jina vipande vitatu,
"usiku ule aliingiza kwa niaba ya wapimaji wangapi?"

Sita, nikasema, kabla sijafikiri.
Masanyiwa akanikanyaga chini ya meza.

"Basi ni watumiaji saba."

Nyanjige alikuwa mlangoni, ameitwa kuthibitisha,
kofia ya plastiki bado kichwani.
Nikamfasiria, bila ada.
Akaitazama mikono yake, akazitazama buti.
"Saba," akasema. "Na mshahara nao?"

Kwenye skrini mtu yule aliinamisha kichwa kidogo,
akingoja nifasiri.